Uiache au uishike? Mwongozo kamili wa kuamua kuhusu kozi ngumu ya sayansi chuoni

Kila semesta, karibu wiki ya sita au ya saba, napokea ujumbe wa aina moja. Tesiti ya kwanza imerudi, kijana kapata 9 kati ya 30, na swali lake ni fupi: "Mwalimu, niiache hii kozi?" Nafundisha kemia sekondari hapa Dodoma, na wengi wanaoniandikia walipita mikononi mwangu kidato cha tano na sita kabla ya kupanda kule Chimwaga, Chuo Kikuu cha Dodoma, au kwenda St. John's pale Mazengo. Nimewajibu mmoja mmoja kwa miaka. Sasa nayaweka yote mahali pamoja, mtu akae nayo usiku mmoja akiwa na kalamu na kikokotoo.

Nianze na ninachokiamini. Kozi inaweza kuachwa kwa heshima kabisa, lakini iachwe mapema, kwa hesabu, na kwa karatasi. Wengi niliowaona wakiumia hawakuumizwa na uamuzi wa kuacha. Waliumizwa na kuacha kimyakimya: wakaacha kuingia darasani, wakaacha kwenda maabara, wakidhani kozi itajifuta yenyewe. Haijifuti. Jina linabaki kwenye orodha, siku ya UE, mtihani wa mwisho wa semesta, kiti kinakutwa kitupu, na matokeo yanapotoka unasoma kwamba umefeli.

Nalijua hilo kwa kuwa lilinikuta. Mwaka wa pili niliandika barua ya kuacha kozi moja ya hiari ya fizikia, nikaikabidhi ofisini mkononi, nikaondoka na furaha yangu. Sikubaki na nakala. Barua ikapotea. Mwezi wa tisa nilikuwa nimekaa kwenye chumba cha sapu, mtihani wa marudio wa waliofeli, nikifanya mtihani wa kozi ambayo sikuwa nimeingia darasani kwake kwa wiki kumi. Kwa hiyo nikisisitiza mno habari ya mihuri na nakala huko mbele, nivumilie.

Hatua ya kwanza: usiamue siku ya matokeo

Siku karatasi inaporudi, kichwa hakifanyi hesabu. Toka nje, piga simu nyumbani kuhusu mambo mengine, kula, lala. Jipe siku tatu. Zisiwe kumi, kwa sababu utakayoiona hatua inayofuata.

Hatua ya pili: jua ni mlango gani bado uko wazi

Hapa ndipo ushauri wa mtandaoni unapowapoteza vijana wetu. Ukitafuta habari za kuacha kozi, utakayoyakuta mengi yameandikwa Marekani. Kule mwanafunzi anaweza kujitoa kwenye kozi moja hata katikati ya muhula, transkripti ikaandikwa herufi W, na GPA, yaani wastani wa pointi zake, isiguswe. Mfumo wetu haujajengwa hivyo. Kwetu programu ina kozi za lazima na kozi za hiari, na kila aina ina mlango wake.

Kama ni kozi ya hiari, upo muda mwanzoni mwa semesta, wiki chache tu, ambapo unaruhusiwa kuiondoa kwenye usajili wako na kuweka nyingine. Tarehe imeandikwa kwenye almanaka ya chuo. Itafute leo, iandike ukutani, maana tesiti ya kwanza ikirudi huenda zimebaki siku chache tu, au imeshapita. Dirisha hilo likishafungwa, kozi ya hiari inakuwa sawa na ya lazima: ulijisajili, utafanyiwa mtihani.

Kama ni kozi ya lazima ya programu yako, huwezi kuiondoa peke yake. Mwanafunzi wa shahada ya kemia hawezi kusema nitasoma yote isipokuwa kemia ya oganiki. Mbele yako kuna njia nne tu, na nitazitaja kwa majina yanayotumika:

Kubaki na kupigana. Ukifeli kuna sapu, ukifeli sapu kuna kari, yaani unaibeba kozi hadi mwaka unaofuata.

Kuahirisha mtihani, kama kuna sababu ya kweli kama ugonjwa au msiba, yenye ushahidi. Tofauti iliyopo hapa wengi hawaijui. Mtihani ulioahirishwa kwa kibali huhesabiwa kuwa ndiyo mara yako ya kwanza kuufanya, kwa hiyo unaweza kupata A. Sapu kwa kawaida ina dari: hata ukijibu kila kitu, unapewa C. Aliyelala wodini wiki ya UE akajikokota kwenda kufanya mtihani ili aonekane jasiri, amejinyima haki yake mwenyewe.

Kuahirisha masomo kwa semesta au mwaka mzima. Huko unaacha kozi zote kwa pamoja, kwa kibali, na unarudi baadaye. Vyuo huweka ukomo wa muda unaoweza kukaa nje, na huhitaji sababu.

Kuhama programu. Hili lina nafasi zaidi mwaka wa kwanza, mwanzoni kabisa, na lazima tahasusi yako ya kidato cha sita ikubalike huko unakokwenda. Aliyesoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) hawezi kuhamia famasia kwa kuwa tu ameichoka isimu.

Zisome kanuni za mitihani za chuo chako mwenyewe, kwenye prospektasi, kitabu cha mwongozo wa chuo. Usichukue maneno ya rafiki wa chuo kingine, wala ya kaka aliyemaliza miaka sita iliyopita. Kanuni hubadilika, na vyuo havifanani.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya alama unazozihitaji

Chukua karatasi. Kwenye vyuo vyetu vingi kazi za semesta, CA, zina alama 40, na UE ina 60. Kufaulu ni kupata C, yaani 40 kwa jumla. A inaanzia 70, B+ 60, B 50.

Tuseme CA ya kozi yako imegawanywa hivi: tesiti ya kwanza 15, ya pili 15, maabara 10. Umepata 9 kati ya 30 kwenye tesiti ya kwanza. Ikigeuzwa kuwa kati ya 15, hiyo ni 4.5. Maabara, kama unaingia na kuandika ripoti zako vizuri, utapata 7. Tesiti ya pili ukifanya vibaya vilevile utapata 4.5 nyingine. CA yako ni 16. Ili ufike 40 unahitaji 24 kwenye UE, ambazo ni asilimia 40 ya mtihani. Kwa sasa wewe uko kwenye asilimia 30. Pengo ni alama kumi katika mia, na umebakiwa na wiki nane. Na tesiti ya pili ikipanda kidogo tu, ukapata 7 kati ya 15, CA inakuwa 18.5, UE inahitaji 21.5, yaani asilimia 36.

Ona ilivyo. Kijana aliyenitumia ujumbe akilia ana pengo la alama sita katika mia.

Sasa mchukue mwenzake aliyepata 4 kati ya 30. Hiyo ni 2 kati ya 15. Tesiti ya pili ikifanana, maabara akipata 6, CA ni 10. Anahitaji 30 kati ya 60, nusu nzima ya mtihani, wakati mpaka sasa ameonyesha asilimia 13. Tena viko vyuo vinavyotaka CA isipungue 16 kati ya 40, na chini ya hapo una tatizo hata kabla ya UE. Wawili hawa wamefeli tesiti moja, wamekaa dawati moja, lakini hali zao hazilingani hata kidogo.

Fanya hesabu hii kwa mgawanyo halisi wa kozi yako. Kama huujui, CR, mwakilishi wa darasa, anao, au uko kwenye karatasi ya kwanza mliyogawiwa wiki ya kwanza.

Hatua ya nne: ifungue karatasi ya tesiti na uipasue mstari kwa mstari

Nikilazimishwa kubaki na hatua moja tu katika mwongozo huu, nitabaki na hii. Wanafunzi wengi wakishaona namba nyekundu pale juu, karatasi inakunjwa inaingia chini ya godoro. Itoe. Kila alama uliyoipoteza, andika pembeni ilipotea kwa nini. Mimi huwapa herufi nne: M kwa msingi sikuwa nao, K kwa nilijua nikakosea, L kwa lugha, na D kwa dakika ziliniishia.

Nikupe mfano niliouona kwa macho yangu, kwenye karatasi ya binti wa mwaka wa kwanza aliyeniletea nyumbani Jumamosi moja. Swali lilitaka pH ya asidi ya ethanoiki yenye 0.1 M (hapa M ni moli kwa lita), wakapewa Ka, kipimo cha nguvu ya asidi, ni 1.8 × 10⁻⁵. Yeye aliandika pH = 1. Nikamwuliza umeipataje? Akasema, "Mwalimu, log ya 0.1 ni hasi moja." Hesabu ya log iko sawa. Kilichokosekana ni kujua kwamba asidi hiyo ni dhaifu, kwamba sehemu ndogo tu ya molekuli zake ndiyo inayoachia ioni za haidrojeni. Alipaswa kuzidisha Ka kwa 0.1, atafute kipeuo cha pili, apate 1.34 × 10⁻³, na pH iwe 2.87. Hiyo ni M. Na ni M yenye mizizi kidato cha tano, kwenye ekwilibria (mada ya mimenyuko inayokwenda mbele na kurudi), si kwenye kozi ya chuo.

Swali lililofuata alikuwa na njia yote sahihi, ila alinakili 10⁻⁴ badala ya 10⁻⁵ akapata jibu lisilo lake. Hiyo ni K. Swali la tatu lilianza na "account for", yeye akaanza kutafuta cha kuhesabu. Swali lilimtaka aeleze sababu. Hiyo ni L, na ilimgharimu alama nne za jambo alilolijua. Nilipomwuliza kwa Kiswahili alinieleza vizuri kabisa, tena kwa mfano wa ndimu.

Habari ya lugha isimwonee mtu haya. Wengi wetu tumesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, tukakutana na Kiingereza cha masomo kidato cha kwanza, na chuoni maswali yanakuja na vitenzi vyenye amri ndani yake: "deduce", "justify", "account for". Tengeneza orodha yako ya vitenzi hivyo kutoka kwenye pasti pepa za miaka mitano, kila kimoja na maana yake ya Kiswahili na kinachotakiwa kuandikwa. Hiyo ni kazi ya jioni mbili. Nimeona alama zikipanda kwa hilo peke yake.

Ukimaliza, hesabu herufi zako. Kama K, L na D ndizo nyingi, kozi haijakushinda. Namna yako ya kufanya mtihani ndiyo yenye shida, na inarekebishika ndani ya semesta hii. Kama M ndizo nyingi, uliza swali la pili: M hizi ni za mada ngapi? Yule binti alikuwa na M saba, na sita kati yake zilitoka mahali pamoja, ekwilibria. Shimo moja. Tulilifukia kwa Jumamosi tatu kwa kitabu cha kidato cha sita. Lakini M zikiwa zimetapakaa kila mada, kuanzia moli mpaka nishati mpaka oganiki, hapo unatazama kazi ya miezi, na ni lazima uwe mkweli na nafsi yako kuhusu muda.

Hatua ya tano: hesabu saa ulizonazo

Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kozi ya krediti 10 ni saa 100, na mwaka mzima wa krediti 120 ni saa 1,200. Semesta yenye kozi sita za krediti 10 ni saa 600. Gawanya kwa wiki 15 za masomo unapata saa 40 kwa wiki, sawa na mtu mwenye ajira.

Kozi moja tuseme ina saa nne kwa wiki za mihadhara, semina na maabara. Kwa wiki 15 hizo ni 60. Zilizobaki 40 ni zako peke yako na daftari, karibu saa tatu kwa wiki. Huo ni muda wa mwanafunzi mwenye msingi. Mwenye shimo la kufukia ahesabu saa sita.

Sasa ziko wapi? Andika wiki yako kama ilivyo, si kama unavyotamani iwe. Kama umepanga geto Ng'ong'ona, weka muda wa kutembea. Kama unauza vocha au unafundisha tuisheni Kikuyu ili upate hela ya kula, iandike. Kama umeme ukikatika jioni huna pa kusomea, andika na hilo. Saa sita zikipatikana bila kuiba usingizi, una nafasi. Zisipopatikana, usijidanganye kwamba utapiga msuli wa usiku kucha mpaka UE. Kemia na hesabu haziingii kichwani kwa mkesha.

Hatua ya sita: tazama kozi hii inavyozigusa nyingine

Hii watu huiruka, na huwagharimu. Tuchukue kozi sita za krediti 10 kila moja. A ina pointi 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1, E sifuri.

Ukipata B tano na C kwenye ile ngumu, pointi ni 17, gawanya kwa 6, GPA ni 2.8. Ukipata B tano na E kwenye ile ngumu, pointi ni 15, GPA 2.5, na una sapu. Sasa tazama na hii: umeng'ang'ana na ngumu ukaipata C, lakini kwa sababu muda wako wote ulikwenda huko, B mbili zikashuka zikawa C. Pointi ni 9 na 4 na 2, jumla 15. GPA 2.5 ileile. Hukusalimika, ulihamisha hasara.

Kati ya 2.8 na 2.5 pana mpaka: daraja la pili la chini linaanzia 2.7. Kwa hiyo unapouliza "nitafaulu?", uliza pia "nitafaulu kwa gharama ya kozi zipi?" Kama ni ya hiari na dirisha liko wazi, jibu la swali hili la pili ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Kumbuka tu kwamba krediti utakazozitoa utadaiwa baadaye. Hakikisha iko semesta ya mbele yenye nafasi.

Tazama pia kozi zipi zinaifuata hii. Kozi nyingine ni mlango wa zile za mwaka wa tatu, na ukiikosa hii huruhusiwi kuzisoma zile. Kuiahirisha kunaweza kukusogeza mwaka mzima.

Hatua ya saba: mkopo

Kama unasoma kwa mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kubadilisha kozi moja ya hiari hakuleti shida. Kuahirisha mwaka ni jambo jingine: bumu, hela yako ya kujikimu, linasimama mpaka urudi na chuo kiithibitishie Bodi kwamba umerudi. Kurudia mwaka nako kunagusa malipo, kwa sababu sharti la kuendelea kulipwa ni kufaulu kwenda mwaka unaofuata. Na ukidisko, yaani ukiondolewa chuoni kwa kufeli, ulichokwisha kukipokea kinabaki kuwa deni, litakalokatwa kwenye mshahara kwa asilimia 15 siku ukiajiriwa. Kabla hujasaini chochote, pita kwa afisa mikopo wa chuo, umwulize kwa maneno haya: "Nikifanya hivi, malipo yangu ya robo ijayo yatakuwaje, na nikirudi nitatakiwa kuleta nini?" Andika jibu lake na tarehe.

Hatua ya nane: wa kuwaona, na cha kuwaambia

Muone mhadhiri kwanza. Vijana wengi wanaogopa mlango huo kuliko mtihani wenyewe. Nenda saa zake za kuonana na wanafunzi, ukiwa na karatasi yako iliyoandikwa herufi. Usiingie na "Daktari, kozi ni ngumu". Sema hivi:

"Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa pili. Nimepata 9 kati ya 30. Nimepitia karatasi yangu, alama 12 nimezipotezea kwenye asidi na besi, sita nimekosea kunakili. Naomba dakika kumi. Nikianza na ekwilibria nitakuwa nimeanza mahali sahihi? Na kwa uzoefu wako, mtu wa alama hizi wiki hii, anafika?"

Swali hilo la mwisho ndilo la thamani. Amewaona mamia. Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, sikiliza na huo ukimya.

Kisha mshauri wako wa masomo kwenye idara, kwa ajili ya kanuni. Kisha mmoja aliyeifeli kozi hii na sasa yuko mbele. Usimfuate aliyepata A. Huyo hakumbuki shimo liko wapi.

Kama usingizi umekukimbia wiki kadhaa, huli, au unajikuta unalia bila sababu, nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi na hospitali kabla ya kuzungumza habari za kozi. Kuchoka kwa akili nako ni ugonjwa, na karatasi ya daktari ina nguvu kwenye maombi ya kuahirisha. Nakuomba, usilione hili ni la watu wengine.

Nyumbani ni pagumu zaidi. Baba aliyeuza magunia ya alizeti Kongwa ili ulipe ada anasikia neno "kuacha" kama umeacha chuo. Kwa hiyo usilianze neno hilo. Anza na salamu, anza na kilichokwenda vizuri, kisha sema jambo lenyewe na mpango wake pamoja: "Baba, shikamoo. Kozi tano naendelea nazo vizuri. Moja imenilemea, na chuo kinaruhusu nichukue nyingine badala yake kabla ya tarehe fulani. Ada haiongezeki, na nitamaliza mwaka uleule. Nilitaka ulisikie kwangu kabla sijajaza fomu." Kama ni kuahirisha mwaka, usimalize kwa simu ikiwezekana. Panda basi uende. Mzazi akikuona uso anaelewa mambo ambayo sauti haiyafikishi.

Hatua ya tisa: amua

Nitasema mimi ningefanya nini, nawe pima.

Kozi ya hiari, dirisha liko wazi, M zimetapakaa, na inazivuta kozi nyingine chini: ningeiacha wiki hiihii bila kuona vibaya. Kozi ya lazima, pengo la UE chini ya alama 15 katika mia, M ziko mada moja au mbili: ningebaki, na sapu nisiiogope. Kozi ya lazima, pengo kubwa, lakini kozi nyingine zote ziko salama: ningebaki pia, nikilenga kufaulu zile kwa nguvu na kuichukulia sapu kama mtihani wangu halisi, niisome kuanzia Julai. Kozi mbili au tatu zote zinazama pamoja, na nyuma yake kuna ugonjwa, msiba au njaa: ningeomba kuahirisha masomo kabla matokeo hayajaharibu GPA. Huyu ndiye ninayemwonea huruma kuliko wote, kwa sababu ndiye anayesubiri mpaka disko.

Na kama ukifikiria vizuri unagundua hukuitaka sayansi tangu mwanzo, ulipangiwa na alama au na mjomba, basi suala si kozi. Nenda kaulizie kuhama programu, na uulizie mapema.

Ukibaki

Wiki ya kwanza usifungue desa la mhadhiri, yaani notisi zake. Fungua kitabu cha sekondari mahali M zako zilipo. Wiki ya pili hadi ya sita, kila siku fanya swali moja tu la pasti pepa, kwa mkono, bila kutazama majibu, kisha sahihisha kwa kalamu nyekundu wewe mwenyewe. Ripoti za maabara zikabidhiwe zote kwa wakati. Hizo ndizo alama rahisi kuliko zote kwenye CA na bado kuna wanaozitupa. Diskasheni iwe ya watu watatu au wanne. Wakizidi hapo, mmoja anafundisha na wengine wanatikisa vichwa.

Tesiti ya pili ikirudi, rudia hatua ya tatu na ya nne. Unaweza kubadili mawazo, kwa njia zilizobaki.

Ukiacha

Jaza fomu au mfumo wa usajili kama chuo kinavyotaka, na juu yake andika barua fupi: jina, namba ya usajili, programu, mwaka, jina na namba ya kozi unayoiacha, unayoichukua badala yake, sababu kwa sentensi mbili, tarehe, sahihi. Toa nakala mbili. Moja unaikabidhi, nyingine unaomba igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, hapohapo dirishani. Wakikwambia "tutakuita", subiri. Usiondoke bila muhuri. Ipige picha, jitumie kwa barua pepe yako.

Mpaka upate jibu la kukubaliwa, endelea kuingia darasani na kukabidhi kazi. Ombi si kibali.

Baada ya wiki mbili fungua akaunti yako ya usajili. Kozi ya zamani iwe imeondoka na mpya iwe inaonekana. Ichape karatasi hiyo, iweke pamoja na barua. Fungua tena orodha ya watakaofanya UE inapobandikwa, na tena matokeo ya CA yanapotoka. Kama kozi uliyoiacha bado ina jina lako popote pale, beba nakala yenye muhuri uende ofisini asubuhi ya siku hiyohiyo, kabla UE hazijaanza.